Ulimi wa Bati kwenye Bawa la Isaya

Mwezi uliopita tulimzika Isaya Likhanga kwao Iguhu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopewa kipaza sauti. Nilichekesha watu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ni jambo linalonikwaruza rohoni hata sasa. Kijana aliyeongoza shughuli, mwenye koti jeusi na sauti ya mnadani, alinitambulisha kuwa mama fundi aliyefanya kazi na marehemu kiwandani enzi za sukari, akaniambia nina dakika tatu. Nikasimama na fimbo yangu, nikawasalimu mulembe, wakaitikia mulembe, nikasema kwamba wote tuliopita shuleni tulikaririshwa methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mtu pekee niliyemwona akiitimiza neno kwa neno ndiye huyu aliyelala mbele yetu. Hema zima liliangua kicheko. Mchungaji alicheka hadi akafuta macho. Wazee wa pale walikuwa wakimtania Isaya kwa methali hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini, tangu alipoangusha ndege aliyoijenga mwenyewe katika shamba la miwa na kutolewa humo na mguu uliovunjika mara mbili, na wote walikijua kisa: honi ya hatari ilimlilia masikioni naye akaipuuza. Mjane wake, Rispa, peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa. Nilidhani amechoka.

Baada ya mazishi, watu walipoanza kupanga foleni ya chakula, Rispa alinishika mkono akaniingiza nyumbani. Sebule yake ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kalenda ya kanisa ukutani, na mkongojo wa Isaya umesimama pembeni kana kwamba anaujia. Aliniletea mwenyewe sahani ya obusuma na ingokho, ugali na kuku, paja zima. Kisha akafungua kabati, akatoa kopo la majani ya chai lililofungwa kwa mpira, akaliweka magotini pangu.

"Hii alikuwa anafichanga hapa," akasema. "Watoto wakiishika anawafokea. Alisema siku akienda nikupatie. Alikuwa anakuitanga fundi wake."

"Ni nini?"

"Fungua mwenyewe, dada. Mimi naenda kuona wageni kama wamepata chakula."

Sikulifungua mara moja. Kwa uzito wake na kwa jinsi kilichomo kilivyogonga bati nilijua ni kitu gani: swichi niliyoiunda kwa mikono yangu nikiwa na miaka ishirini na minne, kwa ajili ya bawa la ndege yake. Nilikaa nalo magotini, kuku akipoa, nikijaribu kuupanga mwaka ule kichwani, nao ukakataa kupangika kama ulivyokataa siku zote. Wazazi wangu na nyumba niliyozaliwa sitavitaja hapa, kwa sababu havikuhusika. Mwaka huo nilikuwa mtu mzima, nina zana zangu na mshahara wangu, na lililofanyika nililifanya mwenyewe.

Ulikuwa mwaka ambao miwa ilipandwa hadi mlangoni. Watu walikata migomba ili wapate nafasi ya mistari miwili zaidi, trela zilipita Kakamega kutwa zikidondosha miwa, na mashamba yalipochomwa kabla ya kukatwa, masizi meusi yalituangukia hata kwenye chai. Kila mtu alikuwa na mpango. Huyu anajenga ya mawe, yule anatafuta lori, mwingine anaoa wa pili. Mpango wa Isaya ulikuwa ndege. Alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ya kiwanda kilekile nilichofanyia kazi kama fundi umeme, msichana pekee idara nzima. Kurusha ndege alifundishwa na rubani mmoja aliyekuwa akinyunyizia mashamba dawa, ambaye Isaya alimtengenezea mitambo yake kila ilipoharibika. Leseni alikuwa nayo, niliiona kwa macho yangu. Michoro ilimjia kwa posta kutoka ng'ambo, na injini aliitoa kwenye gari dogo la mviringo, lile watu waliloliita kobe.

Alipanga nyumba ya vyumba viwili mtaani Shieywe, Kakamega, kwa mjane aliyeitwa Mama Fanisi. Bawa la kushoto lilikaa sebuleni, limelazwa juu ya mapipa mawili, kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa chumba cha kulala, na ukitaka kufika mezani lazima uiname upite chini yake. La kulia lilikuwa barazani. Kila kitu kilinuka gundi na ile dawa ya kukazia turubai, hadi sukari ikawa na ladha yake. Nilizoea kula chakula cha jioni huku mbavu za mbao zikiwa juu ya kichwa changu, na sijawahi tena kukaa katika chumba nilichokipenda hivyo. Mama Fanisi alikaa chumba cha uani lakini alitupikia, kwa sababu alisema wanaume wanaojenga ndege hawajui kusonga ugali, na wanawake wanaofunga waya hawataki.

"Isaya, hii kitu itatoka lini kwa nyumba yangu?" aliuliza karibu kila jioni.

"Mama, ikitoka itatoka na mimi."

"Basi mtoke pole pole. Nguo za watoto ziko juu yake, hazijakauka."

Ni kweli, alikuwa akianika nguo kwenye bawa. Isaya hakumkataza. Alisema bawa lisiloweza kubeba nepi zilizolowa halitambeba yeye.

Kama watu wote, nilikuwa nikiamini kwamba ndege huanguka injini ikizimika. Isaya alisema injini inaweza kunguruma vizuri kabisa na bado ukaanguka, kwa sababu kinachokubeba ni bawa. Ukiinua pua ya ndege kupita kiasi, upepo unashindwa kuufuata mgongo wa bawa, unaachana nalo, na kuanzia hapo umekalia ubao tu. Rubani anayekwenda polepole, anayegeuka, anayevuta usukani kidogo zaidi, huingia humo bila kujua. Kwa hiyo alitaka honi ya kumwonya kabla bawa halijaachia, na honi hiyo alitaka niiunde mimi. Nikamuuliza, kitu gani kinaweza kujua kwamba upepo unataka kuondoka kabla haujaondoka? Joto nilijua linavyopimwa. Maji, mvuke, hivyo ndivyo nilivyopima kiwandani kila siku. Lakini nia ya upepo? Nililala na swali hilo wiki nzima na nikaamka nalo.

Jioni moja Mama Fanisi alipotuletea birika la kunawa, Isaya alimpokonya. "Nyoosha mkono, fundi. Si hivyo. Usimamishe, kidole gumba kiangalie juu." Akamimina. Maji yaliangukia ukingo wa mkono wangu yakagawanyika, mengine yakateremkia mgongo wa mkono, mengine kiganjani. "Maji ndio upepo. Mgongo wa mkono ndio juu ya bawa, kiganja ndio chini. Sasa lalisha mkono kidogo, kiganja kiangalie juu. Ona wapi yanagawanyikia." Nikaona. Mahali pa kugawanyikia palihama kutoka ukingoni pakaingia kiganjani. Akaniwekea ncha ya kucha yake kiganjani, chini kidogo tu ya ukingo. Mkono uliposimama, maji yaliyopita hapo yalikuwa yakiteremka. Nilipoulaza, mahali palepale, maji yalibadilisha njia yakawa yanapanda kurudi ukingoni. "Hapo ndipo tunaweka ulimi wa bati," akasema. "Ndege ikienda sawa, upepo unaukandamiza chini. Pua ikizidi kuinuka, upepo unaunyanyua. Ukinyanyuka, unabonyeza swichi. Honi inalia. Ni hiyo tu."

"Mnanawa ama mnacheza?" Mama Fanisi akauliza. "Mboga ya murenda inapoa."

Nilielewa kabisa nikiwa pale mezani. Nilipofika kwangu nilikuwa sielewi tena. Nilisimama kwenye bomba la uani nikiulaza na kuusimamisha mkono wangu hadi jirani akaniuliza kama nimeungua.

Hata hivyo niliiunda. Ulimi niliukata kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia, upana wa kidole, nikaufanyia bawaba kwa sindano ya cherehani. Swichi ndogo niliitoa kwenye mashine iliyotupwa, honi ikawa ya pikipiki. Vyote nilivifunga kwenye kibao cha chuma chenye matundu marefu ya skrubu, ili kiweze kusogezwa juu au chini katika ukingo wa mbele wa bawa. Kilipobaki kifungo cha kuzimia, nilikataa. Kiwandani tulikuwa na sheria moja niliyoipenda kuliko zote: honi ya hatari haiwekewi kifungo cha kuzimia. Maji ya boila yakipungua honi inalia, na kitu pekee kinachoweza kuinyamazisha ni maji kurudi.

"Weka kifungo, fundi," Isaya akasema.

"Honi ya hatari haizimwangi."

"Na ikilia bure?"

"Ikilia bure tunasogeza ulimi. Hatuizimi."

"Haya. Wewe ndio mkubwa."

Nieleze pia jambo ambalo kila mtu kiwandani alilijua na hakuna aliyeliandika popote. Honi ya boila ilikuwa na makelele. Maji yakichezacheza tu, inalia, na inaweza kulia zamu nzima wakati maji yapo tele. Kwa kuwa haikuwa na kifungo, watu walivumbua chao. Walichukua ganda la muwa, wakalichonga likawa kijiti bapa, wakalishindilia kwenye mkono wa swichi ukabanwa usisogee. Waliita kuilaza honi. Mzee Shiundu wa boila, mtu mpole asiyekosa ibada, alitembea na maganda yaliyochongwa tayari mfukoni pamoja na ugoro wake.

"Mzee, umeilaza tena?"

"Imelia tangu asubuhi, binti yangu, na maji iko. Nimeilaza kidogo tu. Nitaiamsha."

Nilikuwa nikilichomoa ganda mbele ya wenzake na kumgombeza, mimi mwenye umri wa mjukuu wake. Foromani alilaza. Mafundi wenzangu walilaza, na walipoulizwa walishangaa, kwa sababu mikono yao ilikuwa imefanya bila wao kuambiwa. Mimi nilijiona wa aina nyingine.

Ndege ilipotoka sebuleni na kuunganishwa kwenye kiwanja cha ndege za kunyunyizia dawa, tulianza majaribio ya asubuhi, umande ukiwa bado majanini. Mara ya kwanza honi ililia tangu alipoacha ardhi hadi alipoigusa tena. Ulimi ulikuwa juu mno. Tukauteremsha. Mara ya pili alipanda juu sana, mahali ambapo hata akianguka ana nafasi ya kujiokoa, akainua pua polepole, akarudi chini shati limelowa. "Ilinyamaza mpaka bawa ikaniachilia," akasema. Tukaupandisha, kiasi cha unene wa sarafu. Tena ukashushwa, nusu ya sarafu. Nilishindwa kukubali kwamba kati ya kuonywa na kutoonywa pana unene wa sarafu, na sijui kama nimekubali hadi leo. Mara ya saba alishuka akicheka. Honi ilikuwa imelia, akahesabu hadi tatu bila haraka, ndipo bawa likaanza kutetemeka. Nikazikaza skrubu, nikazipaka rangi zisiguswe. Tukaendelea kuijaribu wiki kadhaa, na kila mara ilipolia, alishusha pua. "Honi ikilia, mkono unashusha wenyewe," aliniambia. "Hata sifikirii." Asubuhi moja kati ya hizo, nikiwa nimeshika spana, aliniuliza kama ningekubali aende kwetu na wazee baada ya mavuno. Nilikubali kabla hajamaliza. Nilimpenda sana, na sioni haya kuliandika sasa.

Mama yake Isaya ndiye aliyesema kwamba mwanawe hatarukia watu kichwani na kitu ambacho hakijaombewa. Basi Jumapili moja, baada ya ibada, kanisa zima lilihamia kiwanjani, akina mama na vitambaa vyao vyeupe vya kichwa, ngoma, watoto wenye miwa mikononi. Mzee Shiundu naye alikuja. Ndege ya aina ile hukaa mkia chini na pua juu, na tulikuwa tumeielekeza upepo unakotoka. Sikulifikiria hilo. Bawa lililosimama namna hiyo tayari limeinuliwa kupita kiasi, na upepo wa kutangulia mvua ulipovuma, ulimi ukanyanyuka, honi ikalia katikati ya maombi. Mchungaji akanyamaza, akaanza upya. Ikalia tena, ndefu. Watoto wakacheka. Mama mmoja akapaza sauti, "Shindwa! Shindwa kabisa!" na wengine wakamsaidia kukemea. Isaya alikuwa amepiga magoti, mkono wa mchungaji ukiwa kichwani, akanitazama kwa jicho moja. Nikaushika ulimi kwa kidole ukatulia, lakini siwezi kusimama hapo nimeshika bawa kama mtu anayezuia ng'ombe huku watu wakiomba. Kifungo hakuna, nimekataa mwenyewe. Chini palikuwa na maganda ya miwa yaliyotemwa na watoto. Mkono wangu uliokota moja, meno yakalipunguza, mkono ukalishindilia juu ya ulimi. Honi ikalala. Nikasema moyoni, nitaiamsha.

Amina iliposemwa, ngoma ilianza. Akina mama walinivuta mikono wanichezeshe kama bibi arusi, mama yake Isaya akanishika kiuno, na upande wa msitu wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Isaya alitaka kuruka kabla ya mvua. Alikuwa ameshakaa, kofia kichwani, injini inanguruma, alipoinua mkono akanipigia kelele.

"Fundi! Honi iko sawa?"

"Iko sawa!"

Nilijibu hivyo kwa sababu asubuhi ilikuwa sawa. Nilikuwa nimeunyanyua ulimi mwenyewe kwa kidole, honi ikalia vizuri. Nimejirudia jibu hilo maisha yangu yote na kila mara naliona la kweli, na kila mara sielewi lilitokaje kinywani mwangu.

Alizunguka mara mbili, watu wakishangilia. Mara ya tatu alikuja chini, polepole, ili mama yake auone uso wake. Akatoa mkono kumpungia. Nikaona pua ikiinuka kidogo anapogeuka, kidogo tu, kisha bawa la kushoto likadondoka na ndege ikaingia katika miwa kwa sauti ya matawi mengi yanayokanyagwa. Ilikuwa miwa mirefu, iliyokuwa tayari kukatwa, na wote walisema baadaye kwamba miwa ndiyo iliyompokea. Nilikuwa nakimbia katikati ya mistari, majani yakinichana uso, ndipo nilipolikumbuka ganda. Nilikumbuka kuliweka. Kulitoa sikukumbuka. Mvua ikaanza. Tulimtoa akiwa na fahamu, mguu umegeukia pasipofaa, tukambeba kwa mlango uliong'olewa kwenye kibanda cha kiwanjani. Niliporudi shambani siku iliyofuata, ukingo wa mbele wa bawa ulikuwa umekatwa kwa msumeno pale swichi ilipokuwa, na hakuna aliyejua nani amekata.

Siku ya tatu nilikwenda hospitalini na chupa ya uji ili nikiri. Nimelisema neno hilo kwa makusudi. Nilikuwa nimelipanga: Isaya, niliilaza honi, sikuiamsha. Lakini nilipofika kwenye pazia la kitanda chake nilisikia sauti ya mtu mwingine, mtu wa serikali aliyetoka Nairobi kuuliza mambo ya ajali, na nikasimama palepale.

"Hiyo honi ya hatari, nani aliifunga?"

"Mimi na fundi mmoja wa umeme."

"Huyo fundi ana ruhusa ya kufanya kazi za ndege? Kwa sababu kama haikulia, yeye ndiye nitaanza naye. Kazi ataikosa, na hiyo ni kama ana bahati. Sasa nijibu. Ililia, haikulia?"

Nilisikia muuguzi akivuta ndoo mwisho wa wodi.

"Ililia," Isaya akasema. "Ililia vizuri sana. Ni mimi nilipuuza. Nilikuwa napungia mama."

"Una uhakika?"

"Andika hivyo."

Nilifurahi. Hiyo ndiyo hisia niliyokuwa nayo, furaha, na naiandika ijulikane. Ganda lilikuwa limeanguka lenyewe, basi. Upepo umelipuliza. Mtu yule alipoondoka niliingia, nikamnywesha uji, nikamuuliza, "Ililia kweli?"

"Ililia."

"Na uliisikia?"

"Niliisikia."

"Mbona hukushusha pua? Si mkono unashusha wenyewe?"

Aligeukia ukuta. "Sijui, fundi."

Neno ganda lilikuwa ulimini. Nililimeza. Na nilipokuwa natembea kurudi barabarani, ile furaha ilianza kugeuka kitu kingine. Nilikuwa nimeunda honi ile miezi mingi, nimeisogeza kwa unene wa sarafu, imelia ilivyopaswa, naye ameisikia na kuipuuza ili apungie watu mkono. Haikuingia akilini. Kila nilipoiweka hivi haikukaa, nikiiweka vile haikukaa, na kwa kuwa sikuweza kuielewa nilichagua kukasirika, maana hasira angalau inakaa. Nilimfuata Shieywe alipotoka hospitalini. Sebule ilikuwa tupu bila bawa, kubwa kupita kiasi, alama za mapipa mawili zikiwa bado sakafuni. Nikamwambia siwezi kuolewa na mtu anayesikia onyo akalipuuza, leo ni ndege, kesho ni nyumba. Hakujitetea. Alisema, "Uko na haki, fundi." Nikiwa natoka nilimsikia Mama Fanisi jikoni akimwambia jirani juu yangu, "Huyu mukhana ako na roho ngumu. Mtu amevunjika mguu, yeye anauliza maneno ya honi." Nilimchukia miaka mingi kwa sentensi hiyo.

Nilihama. Nilipata kazi ya kufundisha mafundi umeme, na nilifundisha hadi nilipostaafu. Somo langu la kwanza kwa kila darasa lilikuwa hilohilo: palikuwa na bwana mmoja kwetu, honi ya hatari ilimlilia, akapuuza, tazameni kilichompata. Wanafunzi walilipenda. Kisa kilirudi Kakamega kwa midomo yao, kikamfikia Isaya kabla mguu haujazoea mkongojo, na watoto wa Iguhu wakawa wanamwimbia methali akipita kwenda sokoni. Niliambiwa alikuwa akiwapungia.

Basi katika sebule ya Rispa nililitoa lile kopo mpira wake, nikafungua. Kibao cha chuma kilikuwa kimeshika kutu. Rangi niliyopaka kwenye skrubu ilikuwa bado inaonekana. Swichi ipo, bawaba ya sindano ipo, na ulimi wa bati upo, umebanwa chini. Juu yake, limekauka na kuwa la kahawia, limeshindiliwa sawasawa, palikuwa na ganda la muwa, na upande mmoja alama za meno.

Honi haikulia. Haikulia hata kidogo. Mkono wa Isaya haukushusha pua kwa sababu hakuna kilichouambia ushushe. Nililitazama ganda lile, na kitu nilichoshindwa kukielewa miaka yote hiyo kikawa chepesi hata kwa mtoto, na nikatamani kirudi kuwa kigumu.

Rispa aliingia na jagi la maji. "Hujakula."

"Hii aliipata wapi?"

"Mzee mmoja wa boila alimletea hospitalini, kabla yule mtu wa Nairobi afike. Alimwekea tu mkononi, akaenda zake."

Mzee Shiundu. Yeye angelitambua ganda hilo hata gizani.

"Kwa hiyo unajua, Rispa."

"Alinieleza mara moja tu, tukiwa tumeoana. Nilimwambia akutafute akuambie. Akasema, 'Fundi anafundisha watu huko. Wacha afundishe.'" Akaliweka jagi mezani. "Mimi sikutaka upewe. Lakini alisema, na ni maneno ya mtu ameenda."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nililia mbele yake, naye akasimama tu, kitambaa cha meza mkononi, akinisubiri nimalize. Kisha kidole changu kikafika kwenye ganda, kwa mazoea, kulichomoa. Nikakizuia. Nililiacha palepale lilipo, nikachukua swichi bila kopo, nikachukua fimbo, nikatoka.

Nje watu walikuwa bado wamekaa chini ya hema na sahani mapajani. Kijana wa koti jeusi alikuwa akikunja nyaya za spika. Nikamwomba kipaza sauti. Akaniangalia, akatabasamu kwa heshima, akakumbuka kicheko cha asubuhi.

"Lakini mama, wewe si ulishaongea?"

"Bado," nikamwambia, nikanyoosha mkono.